Programu Niliyoitengenezea Simu ya Mama

Nilitengeneza programu ya kuchati na akili mnemba, nyepesi kiasi cha kuingia kwenye simu kuukuu ya mama, mwalimu mstaafu. Mchana mmoja wa mvua, kibarazani kwetu Pugu, aliipa mtihani: mlenda wa kwao hupikwaje? Jibu likaanza kuja neno moja moja, naye akalisoma kwa sauti ya chini, kama mtu aotaye. Katikati ya sentensi mtandao ukakatika.

“Samahani mama, nitairekebisha.”

“Iache kwanza,” alisema, akiutazama msitu unavyofifia ndani ya mvua. “Inafikiri.”

Tukangoja. Tangu nianze kazi sikuwahi kukaa naye kimya muda mrefu vile. Mtandao uliporudi, alikuwa akinisimulia mwenyewe jinsi bibi alivyoupika, wala hakuitazama simu.