Neno la Mlangoni Silifuti

Siku moja ya soko Mpondwe, hapa mpakani, haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu umeniletea kopo la rangi. Unataka nifute neno PORTER kwenye mlango wa stoo yangu hapa Bwera kabla wakwe zako hawajafika. Keti kwanza.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini stoo hizi tatu na lori lile sikurithi. Nimevipata kwa mgongo huu. Nilikuwa pota, ndilo hilo neno la mlangoni, navusha magunia kwenda Kongo. Na huku kwetu pota ni mbeba magunia, mchanganya saruji, mpalilia shamba la mtu. Yeyote anayeitwa bila jina. Basi nilipokwenda Kisinga kumposa Biira, baba yake alipouliza kazi yangu, nikaona haya. Nikasema mimi ni ejenti wa forodha. Wazee wakapokea mbuzi wangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Baba yake Biira akaja Mpondwe kuuza maharage yake, akamuulizia ejenti Mumbere, yaani mimi. Mapota wakacheka: ejenti gani, huyo yuko chini ya gunia. Akanikuta nimeinama, jasho linadondoka.

"Mgongo wako sina neno nao," akasema. "Mdomo wako ndio siwezi kuupa binti yangu. Njoo uchukue mbuzi wako."

Nikakaa kama aliyefiwa. Mama mmoja wa Butembo, kule Kongo, mwenye mzigo niliokuwa nabeba, akaniuliza kisa, nikamweleza. "Ile neno Bangereza balitosha kwa Kifaransa," akasema kwa Kiswahili cha kwao, yaani Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa. "Porter ni kubeba. Unabebaka, njo unakula. Haya iko ya nini?"

Kumbe neno lenyewe halikuzaliwa na tusi. Tusi tuliliweka sisi. Nikavusha maharage ya mzee bila kutumwa. Jumapili nikapanda Kisinga, nikasimama mbele ya wazee walewale: "Nilidanganya. Mimi ni pota." Mzee akasema mbuzi wabaki. Biira huyo ndiye mama yako.

Sasa nifute neno lililokusomesha mpaka Kampala? Sifuti. Mkataa kwao ni mtumwa. Na mkataa jasho la baba yake tumwiteje? Wakwe wakiuliza, waambie wewe ni mtoto wa pota, tena kwa sauti. Usioe kwa jina la kuazima, maana mzigo ukija utaonekana.

Rangi hiyo usiitupe. Herufi ya mwisho imefifia, ikoleze. Na Mungu akupe mgongo usiovunjika, na mdomo usioukana mgongo huo.