Suruali Nyeupe ya Bwana Mkubwa

Siku niliyoingia kwanza boma la Songea kufua, nilikuwa na mtoto mgongoni na talaka ya majuma mawili. Mume wangu alikuwa ameoa mwingine, akaniambia nirudi kwetu. Kwetu sikuwa na shamba, ila mikono ilikuwa na kazi yake: nikiwa mwali nilifua kanzu za mfanyabiashara mmoja wa Kilwa, na kwake ndiko nilikojifunza kupiga pasi ya mkaa. Nikasema mwacha asili ni mtumwa, nikairudia kazi yangu.

Mkubwa wetu aliitwa Mzee Dobi, mtu wa pwani, mkali kama ndimu. Alitufundisha kupika wanga wa muhogo hadi uwe uji mwepesi, kuchovya nguo humo, kuikamua, na kuipiga pasi ingali na unyevu.

"Ukianza mguu wa suruali, umalize," alikuwa akisema. "Wanga ukikauka nusunusu, nguo hainyooki mpaka uifue upya."

Nyinyi mnaofua leo kwa sabuni ya dukani hamjui adha hiyo. Juu ya Mzee Dobi alikuwepo Shaushi, kiongozi wa askari, na juu ya wote Bwana Mkubwa, Mjerumani, ambaye sisi tulizijua suruali zake kuliko uso wake.

Binti yangu Sikuzani alikulia pale uani, kati ya kamba za kuanikia. Alipofika miaka sita hivi, alishika shati lililokauka kwa mikono yenye matope. Shaushi akaniita.

"We mama, hapa si pa kulelea watoto. Chagua, mtoto au pasi."

Nilimpeleka kwa shangazi yake, dada wa baba yake, nikamwambia, "Nitakufuata, mwanangu, kazi ikitulia." Nilijiambia namtafutia chakula. Ukweli ni kwamba nilipenda pia kuitwa fundi. Kwa mume nilikuwa naitwa mzigo.

Kazi haikutulia. Vita vya Maji Maji vilifika Ungoni, watu wakipewa dawa ya maji wakiamini risasi hazitawadhuru. Bomani neno lenyewe "maji" likawa sumu. Shaushi alitangaza kuwa atakayelitamka atakula hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Sisi madobi, ambao hatuna kazi bila maji, tukawa tunasema "ya mtoni". Tulikuwa tukicheka. Wajinga sisi.

Mchana mmoja nilikuwa katikati ya mguu wa suruali nyeupe ya Bwana Mkubwa niliposikia sauti ya wifi yangu langoni.

"Shikamoo, baba. Niitie mama wa huyu mtoto. Kwetu wamechoma moto."

Kisha sauti ndogo: "Naomba maji."

Sikuzani alikuwa ameondoka kabla neno halijakatazwa, angejuaje? Askari akafoka, "Umesema nini? Tokeni hapa!"

Mzee Dobi alinitazama. "Nenda, bibi. Suruali nipe mimi."

Niliogopa kujulikana kuwa mama wa aliyelitamka. Tena, Mungu anisamehe, niliuonea fahari ule mguu wa suruali.

"Namalizia hapa tu," nikasema.

Nilimaliza. Nilipofika langoni hapakuwa na mtu. Nikakimbia njia ya kwa wifi yangu, nikiita mpaka sauti ikakauka.

Baada ya vita ikaja njaa. Nilitembea vijiji na vijiji, hata nikamkuta wifi yangu, mifupa mitupu, peke yake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Tulikungoja mtoni, kwenye mawe yenu ya kufulia," aliniambia. "Alikataa kuondoka. Alisema, mama lazima aje mtoni, ndiko kazini kwake. Tulikaa siku nzima, na kesho yake. Njaa ilimchukua kabla ya mvua."

Siku zile mbili zilikuwa za pasi. Mtoni hatukwenda.

Nilipiga pasi miaka mingi, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaja. Wasichana waliokuja na watoto mgongoni, wameachika kama mimi, niliwaambia wawaweke chini ya meza yangu, na mkubwa akifoka afoke na mimi. Macho yalipochoka nikaacha. Siku hiyo bwana wa mwisho alisimama mbele ya wenzangu akanisifu kwamba katika miaka yangu yote sikuunguza nguo hata moja.

Ni kweli. Hata suruali ile ilitoka imenyooka, nyeupe, haina doa. Laiti ningeiunguza.