Kiungo Kwenye Mkono wa Trela

Kibanda changu cha kuchomelea kiko Lurambi, Kakamega, kando ya barabara ya vumbi ambayo matrekta ya miwa huitumia yakitoka mashambani. Mimi ni mwanamke na ni fundi, na nimechoka kuulizwa fundi yuko wapi. Zamani nilikuwa najibu kwa hasira. Siku hizi naendelea tu na kazi mpaka anayeuliza ajionee mwenyewe cheche zinatoka wapi.

Kazi hii nilifundishwa na baba huko Lumakanda, kwenye mashamba ya mahindi, ambako chuma kinachovunjika mara nyingi ni jembe la trekta. Baba alitumia rodi, yaani kile kijiti cha chuma kilichovikwa dawa, kinachowaka na kuyeyuka mkononi mwako kama mshumaa. Rodi ina moshi, ina kelele, na ikimaliza kazi inaacha ganda jeusi ambalo lazima uligonge kwa nyundo ndogo ndipo uone umefanya nini. Chini ya ganda unaweza kukuta kiungo kizuri au unaweza kukuta aibu. Baba hakuwahi kunisifu nikiwa na kinyago cha kuchomelea usoni, alingoja nigonge ganda kwanza.

Miaka michache iliyopita nilinunua mashine ya waya. Hiyo haina kijiti. Waya mwembamba unatoka wenyewe kwenye bomba, na gesi ya mtungi inatoka pamoja nao kulinda chuma kinapoyeyuka. Haina ganda la kugonga. Kiungo kinatoka laini, kinang'aa, na hata anayejifunza leo anaweza kuchomelea kitu cha kuonyesha mama yake. Niliipenda mashine ile kuliko nilivyopenda baadhi ya jamaa zangu. Viti vya shule, fremu za pikipiki, mabomba membamba ya vitanda, vyote hivyo rodi ilikuwa ikivitoboa au kuvipindisha kwa moto mwingi. Waya ulivishika vizuri, na vilikuwa vigumu kuvunjika kuliko vile vya zamani. Nasema hivyo kwa sababu kuna mafundi wanaosema mashine za kisasa zimekuja kuharibu kazi. Wengi wao hawataki tu kujifunza.

Lakini mashine ina mambo yake. Ya kwangu inatumia umeme wa kawaida wa sokoni, kwa hiyo moto wake ni mdogo. Ukiipeleka kwenye chuma kinene, waya unayeyuka vizuri kabisa huku chuma chenyewe hakijayeyuka. Unapata mstari mzuri uliolala juu, kama matope uliyopaka kwenye ukuta uliokauka. Tena ukifanya kazi nje, upepo unapeperusha ile gesi, na ndani ya kiungo kunabaki vitundu kama vya mandazi. Mteja haoni. Wateja wa hapa wanataka kitu laini, na kikishakuwa laini wanataka ukisage kwa grainda mpaka kilingane na chuma, kisha upake rangi. Kwenye geti la nyumbani hakuna neno. Geti halivuti mzigo wowote.

Jambo ninalotaka kusimulia lilianza na trela ya miwa. Mwenyewe ni mzee mmoja mwenye trekta mbili, mtu mchangamfu, anayependa vitu vyake vionekane vipya. Mume wangu alikuwa kiongozi wa wapakiaji kwenye trela hiyo. Mzee aliileta kwangu kwa sababu mkono wake, ile nguzo ya chuma inayoishika trela kwa trekta, ulikuwa na ufa pale unapoungana na fremu.

Sasa, kuna tabia moja ya wapakiaji wa huku ambayo mgeni akiiona hufunga macho. Wakimaliza kupakia, trekta inaondoka na mzigo, nao wanataka kufika nyumbani. Juu ya miwa kunateleza. Madigadi ya trekta, yale mabati yaliyofunika magurudumu, yanatosha watu wawili. Wanaobaki wanakaa juu ya mkono wa trela, katikati ya gurudumu la trekta na mzigo wote ule, miguu inaning'inia, wanapiga hadithi. Mume wangu alikuwa akikaa hapo kila jioni. Mkono ukikatika mtu yuko pale, trela inampitia. Hakuna njia nyingine ya kulisema.

Kwa hiyo nilipoona ule ufa sikuona chuma, niliona mahali anapokaa baba wa watoto wangu.

Mzee alitaka nitumie mashine ya waya. Alikuwa ameona kiti nilichomaliza asubuhi hiyo na kikamkaa moyoni.

"Mama, fanya kama hii kiti," aliniambia. "Ile ya rodi inakaa kama kidonda."

Nilimwambia kwamba chuma hiki ni kinene, kwamba ufa lazima usagwe wote mpaka ndani, ubaki mfereji, kisha ujazwe kwa rodi za kazi nzito, tabaka juu ya tabaka. Aliona namzungusha. Nikachukua vipande vya chuma kinene vilivyobaki kibandani. Viwili nikaviunga kwa waya, viwili kwa rodi. Nikavibana kwenye jiliwa, kimoja baada ya kingine, nikavipiga kwa nyundo kubwa. Cha rodi kilipinda kikakataa kuachia. Cha waya kiliachia mapema, na nilipomwonyesha pale kilipotoka, mistari ya grainda niliyoiacha kabla ya kuchomelea ilikuwa bado inaonekana. Chuma hakikuwa kimeyeyuka hata kidogo.

Mzee aliangalia vizuri, akatikisa kichwa. "Hiyo ni mashine yako ni kadogo," akasema. "Mjini wako na kubwa."

Na kusema kweli hakukosea. Mashine kubwa ya waya, yenye moto wa kutosha, mikononi mwa mtu aliyesafisha chuma na kukaa mahali pasipo upepo, ingeweza kuufunga ule ufa vizuri pengine kuliko mimi. Akaipeleka trela mjini.

Ilirudi kesho yake imepakwa rangi ya buluu. Mahali pa ufa palikuwa laini kama sahani. Niliizunguka nikapapasa kwa kidole, lakini kiungo kikishasagwa na kupakwa rangi, hata fundi hawezi kujua kina nini ndani. Kwa bahati mume wangu ndiye aliyetumwa kuisindikiza, kwa hiyo jioni nilimuuliza maswali.

"Ule ufa waliusaga kwanza?"

"Hapana. Walipiga brashi ya waya juu juu."

"Walifanyia ndani au nje?"

"Nje. Trela haingeingia. Mtungi ulikuwa hapo kando."

"Na upepo?"

"Si unajua upepo wa saa nane."

Nilijua. Nikamwambia asikae tena juu ya mkono ule. Nikamweleza kinachotokea ndani ya kiungo kama hicho, kwamba ufa wa zamani uko vilevile chini ya ngozi nzuri, na kwamba mkono hautakatika siku ya kwanza. Ufa utafunguka kidogo kidogo kila trela inapoingia shimoni, na rangi ndiyo itakayopasuka mwanzo. Alinisikiliza huku akila. Mama mkwe wangu, aliyekuwa pale jikoni, alisema kwamba mimi nikishaanza hadithi za chuma hata obusuma, ugali wetu, inapoa. Mama huyo na mimi tuna kesi ya muda mrefu. Mvua ya Kakamega inanyesha karibu kila alasiri, na rodi za kazi nzito zikipata unyevu kiungo chake kinaweza kupasuka. Kwa hiyo mimi huziweka jikoni kwake, juu ya moto, pale anapokausha mahindi ya mbegu. Husema siku moja atatupikia rodi.

"Nimesikia, mama watoto," mume wangu alisema.

Jioni iliyofuata trekta ilipita mbele ya kibanda na mzigo umejaa. Wapakiaji wawili walikuwa kwenye madigadi. Wengine walikuwa wakitembea nyuma na panga zao begani. Juu ya mkono wa trela alikuwa amekaa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mume wangu.

Nilikasirika mpaka rodi ikanigandia kwenye chuma. Yaani hata wenzake, ambao hawakuambiwa lolote nami, walikuwa wameshuka, na yeye aliyeelezwa kila kitu amejipanua pale kama yuko sebuleni. Kesho yake alikuwa pale tena. Na siku zilizofuata. Alikuwa ameinamisha kichwa, hacheki, hapigi hadithi, na mimi nikaona anakwepa macho yangu. Nyumbani nikaacha kumsemesha. Nilimwekea chakula nikaenda kukaa nje. Alipouliza kuna nini nikamwambia amuulize mzee mwenye rangi ya buluu. Nilijiambia kwamba nimeolewa na mtu anayeamini kiungo cha mtu baki kuliko neno la mkewe, na lilinichoma sana. Nilikuwa pia naogopa. Kila trekta iliyochelewa ilinitoa kibandani.

Siku moja mvua ilikuwa imeanza kudondoka nilipomwona akija kwa miguu, akishuka ule mlima mdogo ulio juu ya kibanda changu. Alisimama mbele yangu akanyoosha kidole. Ncha yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi la kutu.

"Imeanza," akasema.

Trekta ilikuwa imesimamishwa katikati ya mlima, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu. Nilipiga magoti kwenye tope. Rangi ilikuwa imepasuka, mstari mwembamba kama unywele, umekizunguka kiungo zaidi ya nusu, na kutoka ndani yake kulikuwa kunatoka unga mwekundu. Dereva alisema mume wangu alikuwa amepiga kelele asimame. Alikuwa ameona mstari ukifunguka na kujifunga walipopita kwenye shimo.

"Ameuona wapi?" niliuliza, kwa sababu bado sikuwa nimeelewa.

"Si yeye ndiye anaangalianga hapo," dereva akasema. "Tangu trela itoke mjini ametufukuza sisi wote. Anasema mahali ni pake. Tulidhani ni mguu unamsumbua, hataki kutembea."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anapangusa kidole kwenye suruali.

"Nilikuambia usikae," nikasema.

"Uliniambia mimi. Hao wengine nani angewaambia? Nikisema trela ni mbovu, mzee anatafuta wapakiaji wengine, na hao watakaa hapo hapo. Ukiacha pahali wazi, mtu anakalianga. Na wewe ulisema rangi ndiyo itapasuka kwanza. Nikaona afadhali iwe mtu anayejua."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika. Nilichofanya ni kumwambia aende kuniletea rodi zote zilizo jikoni kwa mama, na azifunge kwenye nailoni zisilowe.

Trela ilipakuliwa pale pale mlimani na kuvutwa hadi kwangu polepole, imefungwa minyororo. Nilikikata kiungo. Ndani kilikuwa kama nilivyodhani: ufa wa zamani mzima, juu yake ngozi nyembamba, na kwenye ngozi vitundu vya upepo. Nilisaga mpaka nikapata chuma safi, nikachimba mfereji, nikajaza kwa rodi kavu, nikigonga ganda kila tabaka, na pembeni nikaongeza mabamba mazito ya chuma ya kuufungia mkono kwenye fremu. Kilionekana kama kidonda, kweli. Mzee alikuja, akanisalimu kwa heshima, akasema nimalizie na rangi. Nilikataa. Nilipaka mafuta tu, ili likitokea lolote lionekane. Hakubisha sana. Msimu ulikuwa umepamba moto na miwa yake ilikuwa inakaukia shambani.

Jioni ya kwanza baada ya hapo nilisikia trekta inakuja nikatoka. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko kawaida. Mume wangu alikuwa juu ya madigadi, anacheka na dereva, hata haangalii nyuma. Juu ya mkono wa trela walikuwa wamekaa vijana watatu wamebanana, miguu inaning'inia, mmoja wao mtoto wa jirani yetu aliyeoa juzi tu.

Alikuwa amewaachia mahali, maana kiungo sasa kilikuwa changu.

Nilitaka kuwafokea washuke, kwa sababu hakuna mtu anayefaa kukaa pale, kiungo kiwe kimechomelewa na nani na kwa mashine gani. Nilifungua mdomo. Trekta ikaingia kwenye shimo lililo mbele ya kibanda changu, trela ikafuata, mkono ukainama na uzito wote ule kisha ukainuka. Vijana waliruka kidogo, wakashikana mabega, wakaendelea na hadithi yao. Mume wangu alinipungia mkono. Nilibaki nimesimama barabarani na kinyago changu mkononi, naogopa kuliko nilivyoogopa siku zote alipokuwa amekaa pale yeye.