Chupa Mbili Nilizopunguza

Chupa moja ya shampanye inatoa glasi sita. Mwenye mkono mgumu atatoa nane, lakini wakwe watamwona. Hayo niliambiwa na muuzaji wa depo moja ya vinywaji hapa Butembo, na kuanzia siku hiyo sikutulia. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa na familia ya wafanyakazi wa serikali waliohamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, watu wanaotaka kila mgeni asimame na glasi mkononi. Shampanye yenyewe ilikuwa divai tamu yenye povu, ila kwetu kila chupa inayolia pa! ni shampanye.

Waalikwa mia moja na ishirini, gawa kwa sita: chupa ishirini. Mtoto wa darasa la tatu angemaliza hapo. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilikwama wiki nzima.

Kumi na wawili kati yao walikuwa watu wa Oicha, wakiongozwa na shangazi yangu, yule aliyenilea miaka yote niliyosoma huko. Ili wafike iliwabidi wapite Mbau, kisha Beni, kisha njia yote hadi huku. Habari za njia zilikuwa mbaya, wasafiri walikuwa wakivamiwa na kuuawa, na simu ya shangazi ilikuwa haipatikani tangu Jumanne. Nilianza kuiona meza yao: glasi kumi na mbili zimejaa, povu linashuka, na hakuna wa kuzishika. Niliogopa. Mimi nikiogopa nakuwa mkali. Wiki ile niligombana na fundi cherehani, na mpambaji, hata na kuku.

"Mama, nipunguze chupa mbili?"

Mama alikuwa anachambua maharage. "Juu ya nini?"

"Batu ba Oicha habatafika. Njia iko mubaya."

"Shangazi yako alisema nini?"

"Alisema batakuya. Lakini ilikuwa mbele ya Jumanne."

"Basi batakuya. Kila mutu na glasi yake."

Ijumaa nilinunua chupa kumi na nane. Mama sikumwambia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika Jumamosi saa tisa alasiri. Kwetu glasi hujazwa mapema, zisubiri mezani, na hakuna anayeruhusiwa kuonja kabla msemaji wa sherehe hajatoa amri. Meza ya watu wa Oicha niliiwekea maua tu, ionekane kama pambo. Msemaji alikuwa ameshatusimamisha, glasi ziko juu, mlango ukafunguliwa.

Shangazi aliingia wa kwanza. Vitenge vyao vya sherehe vilikuwa na vumbi jekundu, na walinuka kakao, kwa sababu walikuwa wamekuja ndani ya lori, juu ya magunia. Niliwahesabu kwa macho. Kumi na wawili. Furaha ilinijaa, kisha nikawaona wanaelekea meza yenye maua.

Nilimkimbilia na glasi yangu. "Shangazi, pole na njia."

Alitazama meza yake, akatazama meza za wengine. "Glasi zetu ziko wapi?"

"Nilizania hamutafika."

"Kumbe weye ulishatuweka kwa bale balikufa?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Nililia palepale, mbele ya wakwe na glasi zao, na mama aliangalia pembeni.

Shangazi alichukua glasi yangu, akanywa funda moja, akampa aliyekaa karibu naye. Ikazunguka meza nzima, kila mmoja funda dogo, ikarudi kwangu ikiwa na tone chini. Msemaji hakujua afanye nini, akapiga makofi.

"Kunywa," shangazi aliniambia. Nikanywa. "Kesho tunarudia njia ileile. Utuhesabu muzuri."

Asubuhi niliwasindikiza hadi kwenye lori. Mama hapendi watu wahesabiwe kwa kidole, anasema ni mkosi. Alikuwa amesimama kando yangu, na safari hii hakunikataza. Niliwahesabu wakipanda, mmoja mmoja, kwa sauti, hadi kumi na wawili. Lori likawaka. Nikaanza tena kutoka mmoja.