Filamu Moja ya Mlima Elgon

Niseme ukweli: sikwenda Mlima Elgon kwa sababu napenda milima. Nilienda kwa sababu naogopa watu. Klabu yetu ya picha ilikuwa na maonyesho siku ya wazazi, na Mwalimu Rotich, anayeisimamia, alitupa sharti. Kila mmoja alete picha ya mlima wa volkano, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kwa kamera ya filamu. Simu marufuku. Atakayekuja mikono mitupu atawakaribisha wazazi kwa hotuba. Alipofika kwa neno "hotuba" aliniangalia mimi. Mimi nikiitwa kwenye rejista hujibu kwa sauti ya panya, halafu naandikwa sikuja.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kwetu Kiplombe, pembeni mwa Eldoret. Kamera ya klabu ilikuwa shingoni, na ndani yake filamu moja tu, picha thelathini na sita. Baba ni karani kwenye ghala la mahindi, na lori lao lilikuwa linaenda Kitale, basi akanipandisha mbele na dereva. Nilikuwa naenda Endebess kwa senje, dada yake baba, ambaye shamba lake liko chini ya mlima kabisa.

Karibu na Kitale dereva akanyoosha kidole. "Ndio huo."

"Upi?"

"Huo wote."

Nilikuwa natarajia kitu chenye ncha na moshi, kama kwenye kitabu cha jiografia. Mlima Elgon umelala tu pale, mpana, kama ng'ombe aliyeshiba.

Saa tano nilikuwa Endebess. Senje alikuwa anaanika mablanketi. Nilipomweleza kwamba mlima wake ni volkano, aliuangalia kwa jicho baya.

"Sasa italipuka saa ngapi, nitoe hizi nguo?"

"Ililala zamani sana, Senje."

"Basi wewe piga picha polepole, usiiamshe."

Mchana wote nilipanda na kushuka kilima nyuma ya shamba lake. Mwalimu alitufundisha kwamba kwa nyeusi na nyeupe unasahau rangi, unatafuta kivuli. Niligundua ni kweli. Mahindi yalipotea, paa jekundu la jirani likapotea, yakabaki majabali meusi na mianya yake, na juu yake anga tupu, safi. Mbuzi mmoja alinifuata kila mahali akitaka kula mkanda wa kamera. Ana picha nne. Ile ya thelathini na sita nilisubiri jua lishuke kando ya jabali, nikashika pumzi, nikabonyeza. Nilijua hiyo ndiyo yenyewe. Hotuba ingetafuta mtu mwingine.

Jioni nilirudisha filamu kwenye kikopo chake, nikaiweka mezani. Tukala ugali na mrenda.

"Haya, Nekesa, tuonyeshe hizo picha," Senje akasema.

"Haziwezi kuonekana, Senje. Bado hazijaoshwa. Mpaka nifike Eldoret."

Senje aliacha kutafuna. "Mpaka Eldoret? Kwani hapa hatuna maji?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Mtu asiye na aibu angeeleza kwamba kuosha filamu ni kazi ya dawa na chumba chenye giza, na mwanga ukiigusa kabla ya hapo picha zote zinaungua. Mimi nilisema, "Asante kwa chakula."

Jumapili, saa moja asubuhi. Nilitoka nje nikinyoosha mgongo. Kwenye kamba, katikati ya blanketi na soksi mbili, filamu yangu yote ilikuwa inaning'inia juani, imebanwa kwa vibanio vitano.

"Ilikuwa chafu hiyo kitu, wacha tu!" Senje akasema, mikono ikiwa bado na povu. "Nyeusi tititi! Nimesugua mara mbili na bado."

Alikuwa amefurahi sana. Nikasema asante tena. Nikaenda nyuma ya choo nikalia, yule mbuzi akiniangalia.

Jumatatu, Eldoret. Fundi wa picha aliiosha vile inavyooshwa, halafu akatoka na karatasi moja nyeupe pee. "Dada, ulipiga picha ya jua, ama?"

Mwalimu Rotich aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma.

"Mlima uko wapi, Nekesa?"

"Ulioshwa, Mwalimu."

Ilibidi nieleze. Nilipofika kwa vibanio, alivua miwani akapangusa macho. Akaitundika ukutani katikati ya milima ya wenzangu, akaandika chini: Mlima Elgon, Baada ya Kuoshwa. Picha ni picha, akasema. Hotuba apewe mwingine.

Nilishangilia mapema. Siku ya wazazi hakuna aliyeisikiliza hiyo hotuba. Wote walisimama mbele ya karatasi yangu wakiuliza, "Hii nayo?" Nikaeleza. Wakaita wengine. Nikaeleza tena, kwa sauti zaidi kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Kufikia saa tisa sauti ilikuwa imekauka.

Baba aliniambia kosa ni langu. Kwa Kiswahili cha vitabuni, akasema, filamu haioshwi, inasafishwa. Hilo ndilo nililojifunza kwenye safari hii: hakuna neno ambalo lingeiokoa. Ningemwambia Senje haijasafishwa, angeipiga steelwool ya kusugulia sufuria.