Alifuta Jina Yangu ku Kazi ya Cellules, Sasa Niko na Siri Yenye Itamuangusha

Admin, ficha jina yangu tafazali, juu hapa Lubumbashi tunajuana wote.

Mi niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na tano, sina bwana, sina mutoto. Ninatumika mu centre moya ya recherche, ya utafiti. Tuko bantu ba kila namuna pale: ba biologistes, baganga, bantu ba mahesabu, ba informatique. Tunatafuta kujua namuna gani cellules, bile bipande bidogo sana byenye binajenga mwili, inasemeshana. Ndiyo, inasemeshana! Moya inatumia ingine signal: komaa, simama, kufa. Tulitaka kuona kama vumbi ya shaba inaharibu ile masolo ya cellules, juu huku kwetu kila mutu anavuta ile vumbi.

Mi njo nilikuwa nachunga cellules na kuipima. Mahesabu ilikuwa ya mwanaume mwenye nitaita Patrick. Tulianza na kazi, tukaishia ku mapendo. Alikuya kwetu na bajomba yake, mama akabapikia bukari, ugali yetu, na kuku, bakatoa ya kwanza ya mahari. Siku ya dimanche tulikuwa tunatembea Karavia, pembeni ya ziwa, ananiambia: "Chérie, hii kazi njo mutoto wetu wa kwanza."

Kisha résultat ikatoka. Cellules yenye ilikunywa shaba ilikuwa inatuma signal yenye hakuna mutu alishaka kuona. Directrice, mukubwa wa centre yetu, alicheza mu couloir! Toka pale Patrick akaanza kuchelewa kunijibu. Siku moya naingia mu salle ya réunion, naona affiche ya kazi yetu ku ukuta. Jina ya kwanza, Patrick. Ya pili, Sandra, binti wa informatique mwenye alikuya juzi tu. Yangu haiko.

Nikamuuliza: "Patrick, na mi?"

Hakuniangalia ata. "Sandra njo alipanga yote. We ulikuwa unachunga tu cellules. Usifanye bitoto."

Kisha bajomba yake bakarudia kwetu kusema ndoa haiko tena, anaoa Sandra. Mama alibasindikiza mpaka ku mulango na heshima, kisha akaingia mu chumba, hakutoka tena ile siku.

Nililia mpaka nikachoka. Halafu nikarudi ku labo, nikatoa cellules yenye tulichunga mu baridi, nikarudilia kazi yote mi mwenyewe. Nilitaka résultat na jina yangu juu. Nikatia rangi ya bleu yenye hatukutia ile mara ya kwanza, nikaangalia mu microscope: pembeni ya kila cellule, tudoti-tudoti. Bijidudu! Ile signal haikukuwa ya shaba hata kidogo. Ilikuwa ya bijidudu byenye biliingiaka mu labo. Kazi yao yote ni bure.

Jamani, nilicheka. Nilikuwa tu mi moya mule, nikacheka.

Juzi Patrick ananipigia, sauti ya sukari: "Ma belle, wageni banashuka na ndege Luano vendredi. Benye kutengeneza dawa ya kuzima ile signal, banakuya kusaini contrat na siye. Cellules iko bien?"

"Iko bien, Patrick. Enda na amani."

Ninamutaka asimame mbele ya bote, na bajomba yake benye alialika, aongee na kiburi chake chote. Kisha mi nisimame na photos yenye nilipiga ile bijidudu. Robe ya kuvaa ile siku nilishachagua.

Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moya, nilipomwambia, alikasirika: "Muache Patrick pembeni. Wageni bakisaini, ile dawa itapewa bantu ba ku migodi. Unachezea batoto ba benyewe!"

"Nitasema kabla basaini."

"Na bakikunyima micro ya kusemea?"



Lakini nikisema leo, directrice atamuita mu bureau, batarekebisha kimya-kimya, wageni bataambiwa bangojee kidogo. Patrick ataoa na kichwa juu, na mi nitabaki ule wa kuchunga cellules.

Bandugu, leo ni mercredi. Niende kwa directrice kesho asubui, ao ningojee vendredi, kesho kutwa? Semeni kweli. Lakini mwenye anataka kuniambia nisamehe, asijisumbue kuandika.