Mama Yangu Alioshwa na Wengine

Mwanangu, iko siku moja ambayo hainitoki moyoni. Nilikuwa mke kijana huku Nachingwea, miaka ile mashamba makubwa ya karanga yalipofunguliwa na matrekta yakinguruma kutwa. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta. Tulikaa kambini, kwenye nyumba ya bati, nami nikajiona mtu wa kisasa.

Jirani yetu, mwanamke wa Kilimarondo, akafariki katika uzazi. Bi Somoe, mwosha maiti wetu, akaja mlangoni.

"Binti, njoo unishikie shuka. Wanawake hatutoshi."

"Mimi bado kijana, Bibi. Mambo ya maiti ni ya wazee."

Hakunigombeza. "Marehemu ni mdogo kwako," akasema, akaenda zake. Nikafunga mlango.

Mwaka haukuisha, nikaitwa kwetu Ruangwa: mama yu hoi. Nilipofika alikuwa amekwishakata roho. Mimi ndiye mtoto wake pekee, na wanawake walikuwa wameshatenga maji, wakinisubiri.

"Ingia umwoshe mama yako."

Sikuingia, mwanangu. Sikujua hata pa kuanzia, nami niliogopa. Nikakaa nje ya pazia la kanga, nikisikia maji yakimiminwa juu ya mwili ulionizaa. Mwanamke nisiyemjua hata jina ndiye aliyemchana nywele. Ua ulijaa watu, lakini sijapata kuwa mpweke kama siku ile.

Niliporudi kambini nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Somoe, nikamweleza yote huku nikilia.

"Ulidhani ukifunga mlango kifo kitapotea njia?" akaniuliza. "Mwosha naye huoshwa, binti. Kesho ukisikia msiba, nifuate."

Nikamfuata. Tangu hapo nimewaosha wengi, wa Marambo, wa Ruangwa, wengine sikujua hata kwao. Mama yangu tu ndiye ambaye sikumwosha.

Nawaona nyinyi vijana: msibani mnakaa mbali, na kifo hamtaki hata kitajwe. Mwanangu, kukitaja hakukileti. Ukiitwa, nenda. Shika shuka, shika jembe la kaburi, uliza usilolijua. Anayekumbuka kufa huwahi sala yake, na huwahi kumwomba mzazi radhi angali anasikia.

Mwenyezi Mungu akupe umri wenye kheri, na siku yako itakapofika, uoshwe na mikono inayokupenda. Amina.